Riwaya Pendwa Nyumbani: Tuzifiche au Tuzisome Pamoja na Watoto Wetu?

Ndugu msomaji, wako watu wanaodhani kwamba kusoma riwaya ni starehe ya mtu wa mjini, mwenye kiti cha kuegemea na taa ya umeme juu ya kichwa chake. Watu hao hawajafika Nyamwage. Hapa kwetu, mahali ambapo njia ya kwenda Utete inaachana na barabara kuu iendayo Lindi, kitabu cha hadithi husomwa juu ya dungu wakati wa kulinda mpunga, husomwa chini ya mkorosho, tena husomwa na vijana wanaongoja gari lenye nafasi. Kitabu kimoja hupita mikono kumi kabla ya kumrudia mwenyewe. Mara nyingi hurudi hakina jalada, na mara nyingine hakirudi kabisa.

Mimi ni mama wa watoto, mkulima wa mpunga na ufuta, na msomaji wa siku nyingi. Katika miezi hii ya karibuni nimesoma riwaya kadhaa, nyingine kwa mara ya kwanza na nyingine kwa kuzirudia. Ni zile zipendwazo na watu wengi: za upelelezi, za mapenzi, na za misukosuko ya vijana. Sina nia ya kuzihakiki kama wafanyavyo wataalamu wa vyuo vikuu. Natoa maoni ya mzazi anayesoma kile ambacho wanawe wanasoma, kwa sababu katika kijiji chetu, na bila shaka katika chako pia, jambo hili lina ubishi mkubwa.

Baada ya mavuno yaliyopita, jirani yangu mmoja alikuta riwaya ya mapenzi chini ya godoro la binti yake. Hakusema neno, alikitia kitabu kile mekoni. Binti alilia, na nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba alikuwa amebakiza kurasa chache tu. Siku ya tatu nilimwona kando ya barabara akisimuliwa mwisho wa hadithi ile na vijana wa kiume waliokwisha kuisoma. Hapo ndipo nilipofahamu uzito wa jambo lenyewe. Mama alichoma kitabu, lakini hamu ya mwanawe haikuungua. Aliihamisha tu kutoka nyumbani, akaipeleka barabarani.

SILAHA YA BWANA MSA NI MASWALI

Nianze na mzee wao wote. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Mwenye shamba ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa. Wengine wananong'ona, Bwana Msa anauliza. Wengine wanaona mzimu. Yeye anatafuta mtu. Sitakutajia muuaji, maana huo ungekuwa wizi wa starehe yako.

Kwa maoni yangu hiki ni kitabu cha kumpa kijana bila wasiwasi wowote. Hapana shaka mwandishi alijifunza kutoka kwa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Uingereza aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle, lakini alichokijenga ni cha kwetu. Katika nchi hii vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu na mtu fulani alihitaji wa kumlaumu. Kijana aliyezoea kumfuata Bwana Msa atajifunza kusema, "Ngojeni kwanza, tuulize." Mafunzo hayo ni makubwa, naye atayapata huku akidhani anajifurahisha.

Kasoro ninayoiona ni kwamba Bwana Msa anajua mno. Wenzake wamefanywa wazito wa akili ili yeye ang'are. Msomaji naye huachwa nyuma, akangoja kuelezwa mwishoni mambo ambayo angependa kuyagundua mwenyewe. Hata hivyo, Kiswahili chake ni kitamu, na mtoto atakayekizoea hatapungukiwa na maneno.

WAREMBO WA WILLY GAMBA

Kutoka Unguja tuvuke tuje kwa mashujaa wenye bastola. Elvis Musiba alitupatia Kufa na Kupona mwaka 1974, na ndani yake jasusi Willy Gamba anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri zilizoibwa, nyaraka zinazohusu harakati za ukombozi wa Afrika. Wakati huo jambo hilo halikuwa ndoto. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na Msumbiji na Angola zilipata uhuru mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka. Kijana wa kijijini aliyesoma riwaya ile alimwona Mwafrika mwenzake akiwa shujaa mkuu, mwenye akili na ujasiri, akipigania bara zima. Namshukuru Musiba kwa hilo, na pia kwa mwendo wa hadithi zake. Ukianza kumfuata Gamba jioni, wali utaungua jikoni.

Lakini nina neno nalo nitalisema. Gamba haulizi bei ya kitu. Analala hotelini, anakunywa atakacho, na wanawake wanampenda kabla hajamaliza kujitambulisha. Katika kurasa hizo mwanamke ama ni mtego, ama ni zawadi. Mama mzazi haonekani, mtoto haonekani, wala hakuna anayeulizwa mahari. Desturi hiyo ni ile ile ya James Bond, jasusi wa mwandishi Mwingereza Ian Fleming; imebadilishwa rangi tu, haikubadilishwa tabia. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alisogea hatua moja mbele. Katika hadithi zake za Joram Kiango kuna Nuru, msichana anayeandamana na shujaa hatarini, naye ana moyo wa ushujaa. Walakini, hata Nuru hutangulizwa kwa umbo lake kabla ya akili yake.

Je, ndiyo tuvifiche vitabu hivi? La. Mvulana atakayemsoma Gamba peke yake gizani atatoka akidhani kwamba mwanamume ni bastola na chupa. Mvulana huyo huyo akisoma mbele ya dada yake na mama yake, na dada akacheka na kuuliza, "Huyu Gamba nguo zake anafuliwa na nani?", atatoka akiwa amefurahi, na pia amefikiri.

MABINTI WAWILI NA BABA WAWILI

Sasa nafika kwenye vitabu viwili ambavyo, kwa moyo wangu wote, naviona kuwa ni vya wazazi kabla ya kuwa vya watoto. Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Cha pili ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980. Kimoja kinatoka Ukerewe, katikati ya Ziwa Viktoria. Kingine kinatoka visiwani Zanzibar. Dini ni mbalimbali, mazingira ni mbalimbali, lakini kidonda ni kimoja.

Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi asiyeihudumia nyumba yake, lakini anapogundua barua ya mvulana kwa binti yake anakuwa mkali kama simba, na kumpiga kipigo kikubwa. Rosa anakua akimwogopa kila mwanamume, hajui kusema naye, hajui kumkatalia. Anapofika mbali na macho ya baba, shuleni na baadaye chuoni, hana ngao yoyote mkononi. Bwana Maksuudi, baba yake Maimuna katika Utengano, ni mtu wa heshima mbele ya watu, na mtesaji ndani ya nyumba yake. Binti amefungiwa ndani asiijue dunia. Mlango unapofunguka, Maimuna anatoka, na dunia inampokea kwa namna yake. Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waandishi hawa wawili wanatuonyesha kwamba hata mwenye wazazi wote wawili aweza kuachiwa ulimwengu umfunze.

Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa waliona aibu kuyasema. Nimeisoma tena mwaka huu kwa makini, na sioni mahali ambapo inamvutia msichana kwenye maovu. Inachofanya ni kumwonyesha gharama yake, na gharama hiyo inatisha. Lawama yangu kwa marehemu Kezilahabi, aliyetutoka mwaka 2020, ni nyingine. Rosa analipa kwa uhai wake, lakini wanaume waliomchezea hawalipi sawa naye. Msomaji wa kike aweza kufunga kitabu akiamini kwamba msichana akiteleza mara moja hana njia ya kurudi. Hapo ndipo ninapoiona Utengano kuwa imezidi kwa huruma. Maimuna amepewa nafasi ya kuinuka tena, na baba aliyejivunia heshima ndiye anayeporomoka.

Baba unayesoma ukurasa huu, nakusihi usome vitabu hivyo viwili kabla ya kununua kufuli.

KIJIJI CHETU KIKO WAPI?

Riwaya nyingi za upelelezi zinaishi mjini. Kijiji kikitajwa, ni mahali pa kuzaliwa na kukimbia. Ndyanao Balisidya alijaribu kukitazama kijiji kwa jicho jingine katika Shida, iliyotoka mwaka 1975. Chonya na Matika wanaikimbia dhiki ya nyumbani, wanakwenda mjini, na huko wanaikuta dhiki nyingine iliyovaa nguo nzuri zaidi. Nakiri kwamba mwisho wake wa kurudi kijijini umenyooka mno, umekaribia hotuba. Lakini swali lake bado ni bichi kwetu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mvua ikizidi safari ilikatika. Siku hizi kijana wa Nyamwage akiamka na wazo la kwenda Dar es Salaam, jioni anaweza kuwa amekwisha kufika. Njia imekuwa fupi. Kwa hiyo ni lazima akili itangulie mbele ya miguu. Shida ingefaa isomwe naye kabla hajafunga mzigo.

Aidha, ningependa waandishi wetu wa leo watupatie mpelelezi anayejua kupiga kafi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mikoko ya delta, maji yanayojaa na kupwa, mafuriko kama yale ya mwaka 2024 yaliyomeza mashamba ya Rufiji na Kibiti, mtu ametoweka, na mtumbwi umekutwa mtupu. Huko hakuna haja ya hoteli. Tangu mwaka 2023 washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu wamekuwa wakitangazwa, na kijana wa kijijini mwenye kalamu na subira hana sababu ya kuona kwamba shughuli hiyo ni ya wengine.

TUFANYEJE?

Natoa mapendekezo matatu kutokana na nyumba yangu.

Kwanza, mzazi asome kabla ya kuhukumu. Jalada lenye picha ya msichana na bastola halikuelezi kilichomo ndani. Yako majalada ya aibu yenye hadithi za maana, na yako majalada ya heshima yenye hadithi za ovyo. Ukiona kitabu hakimfai mtoto wa miaka kumi, mwambie waziwazi kwamba atakisoma akifika umri fulani, nawe utimize ahadi hiyo.

Pili, kisomwe kwa sauti. Baada ya chakula cha jioni, mmoja asome sura moja, wengine wasikilize. Bibi asiyejua kusoma naye atapata fungu lake, na mara nyingi ndiye atakayemtambua muuaji kabla ya wote, kwa kuwa ameishi na watu muda mrefu zaidi.

Tatu, kila kitabu kikimalizika, yaulizwe maswali haya: Nani alitenda kosa? Nani alilipa? Nani hakulipa, na kwa nini? Wewe ungekuwa mahali pake ungefanya nini? Katika nyumba yangu maswali hayo yamewahi kutufikisha usiku wa manane. Hapo nimesikia kutoka kwa binti zangu mambo ambayo nisingeyasikia kama ningewauliza habari zao wenyewe. Binti anaona haya kusema, "Mimi naogopa jambo hili." Haoni haya kusema, "Rosa aliogopa." Mama mwenye masikio ataelewa.

Ndiyo sababu naziheshimu riwaya hizi pamoja na kasoro zake zote. Zinatupa majina ya watu wengine ili tuzungumze habari zetu sisi. Basi, ndugu msomaji, kabla hujamwuliza mwanao anasoma nini, jiulize wewe mwenyewe umesoma nini mwaka huu.