Kukosa Usingizi: Tiba Huanzia Zahanati, si Kwenye Kidonge

Katika mialo ya mwambao wa Ziwa Victoria, kazi ya dagaa huanza jua linapozama. Siku za giza taa hutapakaa ziwani hadi alfajiri. Mbalamwezi inapong'aa, mitumbwi hupumzika. Hivyo mvuvi hulala mchana kwa wiki kadhaa, kisha hutakiwa kulala usiku kwa siku chache, halafu hurejea ziwani. Mwili hauwezi kufuata mabadiliko hayo kwa haraka, na wengi hubaki macho kitandani wakati wa kupumzika. Tatizo hilo huwakumba pia walinzi, wauguzi wa zamu, madereva, wafiwa na wenye mawazo mengi.

Kwa muda mrefu jibu la kawaida limekuwa kidonge, hususan diazepam, ambayo wengi huiita valiamu. Mwelekeo wa tiba umebadilika. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuwawezesha watoa huduma wasio mabingwa kushughulikia afya ya akili katika ngazi ya msingi. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani nchini Marekani kilielekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, kabla ya dawa. Tatizo huitwa sugu likijitokeza angalau usiku mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi.

Hatua ya kwanza katika zahanati ni kutafuta chanzo. Mgonjwa huulizwa kuhusu maumivu, kikohozi, kukojoa mara kwa mara usiku, huzuni, hofu, pombe, kahawa na dawa anazotumia. Wakati mwingine suluhisho ni jepesi. Kwa mfano, dolutegravir, inayotolewa katika kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, huwanyima usingizi baadhi ya watumiaji. Mara nyingi hutosha kuhamisha muda wa kuimeza kutoka usiku hadi asubuhi. Mhusika hapaswi kuiacha dawa hiyo, bali amweleze mtoa huduma.

Tiba ya mazungumzo haihitaji mashine. Mgonjwa huandika kwa wiki 1 au 2 saa anazolala na kuamka. Kisha hupangiwa saa moja ya kuamka isiyobadilika, hutumia kitanda kwa kulala badala ya kuwaza au kutazama simu, na asipopata usingizi baada ya takribani dakika 20 huinuka, hufanya jambo la utulivu, na kurudi anaposinzia. Kwa kawaida mafanikio huonekana baada ya vikao 4 hadi 8, na hudumu kuliko yale ya kidonge.

Dawa za usingizi bado zina nafasi yake, lakini kwa muda mfupi na kwa cheti cha daktari. Zikitumiwa kwa muda mrefu huleta utegemezi, huwaangusha wazee usiku, na zikichanganywa na pombe huweza kudhoofisha upumuaji hadi kusababisha kifo. Aidha, aliyezitumia kwa miezi mingi asiziache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Hupunguziwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Zipo dalili zinazohitaji uchunguzi zaidi. Anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usingizini na kusinzia mchana anaweza kuwa na tatizo la njia ya hewa kuziba, ambalo huambatana mara nyingi na unene uliozidi na shinikizo la juu la damu. Huyo hupimwa shinikizo na kupewa rufaa kupitia hospitali ya wilaya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando. Anayezungumzia kujidhuru apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Hali hizi zitofautishwe na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao una vipimo na tiba yake.

Kwa wanaofanya kazi usiku, ushauri ni kulala saa zilezile kila mchana, katika chumba chenye giza na utulivu, ndani ya chandarua, na kuepuka kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu katika saa za mwisho za kazi. Familia nazo zina wajibu: mchana wa mvuvi ndio usiku wake.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa siku. Mvuvi anayesinzia mtumbwini au dereva anayesinzia barabarani huhatarisha maisha yake na ya wengine. Wananchi wanahimizwa kufika zahanati iliyo karibu, wakiwa na dawa zote wanazotumia, kabla ya kununua kidonge cha usingizi.