Ukungu Katika Nyumba Zetu

Ukungu ni wa namna mbili. Uko ule wa asubuhi, unaofunika mabonde yetu ya Usambara wakati wa masika. Huo hutoweka jua likipanda, wala haudhuru mtu. Na uko ule uotao ukutani, vitabuni, katika nguo na katika vyakula, ambao wengine huuita kuvu. Huu wa pili hauondoki wenyewe. Ndio tunaotaka kuwaeleza mwezi huu, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuujua, na mtoto wetu akapata taabu kwa ajili ya ujinga wetu.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya matofali ya udongo, yenye paa la bati, na chumba cha watoto kilikuwa upande wa mlimani. Masika moja tuliona madoa meusi ukutani nyuma ya kitanda, tukayapaka chokaa. Baada ya majuma machache yakarudi. Tukapaka tena, yakarudi. Na mara ya tatu vilevile. Wakati huo mtoto wetu wa pili akaanza kukohoa usiku, na kifua chake kikalia kama filimbi. Ndipo majirani wakaanza kunong'ona: "Doa lirudilo mara tatu si doa, ni mkono wa mtu." Wakatushauri tumwendee mpiga ramli. Twaungama mbele yenu ya kuwa usiku mmoja, mtoto alipokuwa akihema kwa shida, mioyo yetu ilisita.

Kulipokucha tukampeleka zahanati. Tabibu akampima, akampa dawa ya pumu, kisha akatuuliza neno ambalo hatukulitazamia: "Mtoto huyu hulala wapi, na ukuta wa hapo ukoje?" Tukarudi, tukasogeza kitanda, tukaugusa ukuta, ulikuwa baridi na majimaji tangu chini hata usawa wa kiuno. Tukazunguka nje, tukaona maji ya mvua yakishuka kutoka mlimani na kusimama nyuma ya nyumba, na paa fupi likidondosha maji karibu na msingi. Hapakuwa na mkono wa mtu. Palikuwa na maji. Nasi mara tatu tulikuwa tumepaka chokaa juu ya maji.

Usiku ule tulifungua kitabu cha Walawi, sura ya 14, tukasoma habari za nyumba yenye pigo. Hatusemi kwamba pigo lile lilikuwa ukungu huu huu. Lakini tazameni taratibu yake. Mwenye nyumba hafichi, bali huenda kumwarifu kuhani. Vyombo hutolewa nje kwanza. Kuhani hutazama rangi ya madoa, na kama yameingia ndani ya ukuta. Nyumba hufungwa siku saba, kisha hutazamwa tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yake hung'olewa, lipu hukwanguliwa, na vyote hutupwa nje ya mji, kisha hutiwa mawe mengine na lipu nyingine. Hakuna mahali alipoambiwa kuhani apake rangi juu ya doa. Sisi tulifanya lile ambalo yeye hakuamriwa.

Basi, ukungu ni nini? Ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, nazo huruka hewani kila mahali, hata haiwezekani kuzizuia zisiingie nyumbani. Chakula chake ni mbao, karatasi, ngozi, nguo, hata vumbi lililoshika ukutani. Vitu hivyo hatuwezi kuviondoa nyumbani mwetu. Tuwezalo ni kumnyima maji. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya unyevu na ukungu majumbani, likaeleza ya kuwa wakaao katika nyumba za namna hiyo huonekana zaidi na kikohozi, kifua kubana na pumu.

Kuutambua si kazi ngumu. Pua huujua kabla ya jicho: chumba kikinuka uvundo asubuhi, tafuta. Tazama nyuma ya kabati na kitanda, chini ya mikeka, ndani ya masanduku, na penye pembe za dari. Lakini usidanganyike. Masizi ya jikoni ni meusi pia, nayo huwa mahali moshi unapopita, hata pakiwa pakavu. Na unga mweupe utokao katika ukuta wa mawe au saruji mara nyingi ni chumvi ya ukuta. Ukidondoshewa maji huyeyuka. Hata hivyo nao ni shahidi kwamba maji yamepita hapo.

Katika kuuondoa, fuateni mpango huu. Kwanza zibeni njia ya maji, maana kazi nyingine zote zategemea hiyo. Watoto, na yeyote mwenye pumu, watoke nje. Fungueni madirisha, mjifunge kitambaa kinywani na puani. Msifagie doa likiwa kavu, maana mbegu zitaruka. Lilowesheni kidogo kwanza. Ukuta mgumu na mbao husuguliwa kwa maji na sabuni, kisha hukaushwa kabisa. Mkitumia dawa ya klorini, msiichanganye na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Lipu ya udongo iliyooza haisuguliki. Ikwangueni, mkaitupe mbali, mkandike upya ukuta ukiisha kukauka. Chokaa huja mwisho.

Sisi tulichimba mfereji upande wa mlimani, tukaongeza bati ili maji yaanguke mbali na msingi, tukafyeka migomba iliyougusa ukuta. Tukatoboa dirisha la pili kulielekea la kwanza, hewa ipite. Sasa kitanda hakigusi ukuta, masanduku yamewekwa juu ya matofali, na kila jua likitoka matandiko na vitabu huanikwa. Nguo mbichi hazianikwi tena chumbani, na kilicholowa twajitahidi kikauke kabla ya siku mbili kupita. Ninyi walimu, kabati la vitabu vya shule lina haja hiyo hiyo. Lisiegemezwe ukuta wenye unyevu, wala lisifungwe likizo nzima bila kufunguliwa.

Jambo moja tusilisahau. Ukungu wa ukutani husuguliwa. Ukungu wa mahindi na karanga hausuguliwi. Mwaka 2004, katika nchi ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuyapika hakuiondoi sumu hiyo. Basi anikeni mahindi juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu. Kuyapima, tieni punje kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, mkaache kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Yaliyoota ukungu msiwape watoto, wala kuku, wala ng'ombe wa maziwa.

Mtoto wetu angali na pumu, wala hatuwadanganyi. Lakini usiku wa kukesha umepungua sana, na masika mawili yamepita bila doa kurudi. Wale majirani walikuja kuutazama mfereji, na wawili wamechimba wa kwao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, ndugu, kabla mvua hazijaanza, kila baba na mama asogeze kitanda cha watoto, autie ukuta mkono. Akiuona umelowa, asimtafute adui wala asikimbilie chokaa. Atoke nje, ayatafute maji.