Faili Lisilo na Lebo: Adabu ya Kutumiana Mafaili Makubwa Kazini

Katika zahanati na vituo vya afya vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Boko upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, kundi la WhatsApp limekuwa ubao wa matangazo, maktaba na chumba cha ushauri kwa wakati mmoja. Humo hupita miongozo ya tiba, masomo ya mafunzo kazini, programu za kukokotoa dozi na picha za eksirei. Urahisi huo ni neema. Hata hivyo, kila faili linalotumwa lina gharama na hatari yake, na adabu ya kulituma ni sehemu ya maadili ya kazi yenyewe.

Gharama ya faili moja

Mwongozo uliopigwa skani ukurasa kwa ukurasa waweza kuwa na uzito wa MB 80. Ukitumwa katika kundi la watu 200, na wote wakaupakua, jumla yake ni MB 16,000, yaani takriban GB 16, na sehemu kubwa ya hizo hulipiwa na bando la mtu binafsi. Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye bando lake limemalizwa na faili asilolihitaji hawezi kuomba ushauri saa nane za usiku mgonjwa anapobadilika hali.

Kwa hiyo mtumaji na aangalie ukubwa kwanza. Ikiwa zinazohitajika ni kurasa tatu, atume hizo tatu. Ikiwa waraka umo katika tovuti rasmi, atume kiungo, ili kila mmoja apakue kwa wakati wake. Naye mpokeaji na azime upakuaji wa moja kwa moja katika simu yake.

Lebo kabla ya faili

Hakuna mfamasia mwadilifu anayempa mgonjwa vidonge katika bahasha isiyo na jina la dawa, dozi wala maelekezo. Faili nalo lastahili uangalifu huo. Jina kama “mwongozo mpya” halitoshi, kwa kuwa kila mwongozo uliwahi kuwa mpya.

Historia ya malaria nchini yaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mwaka 2006 sera ikabadilika tena kuelekea dawa mseto, ALu. Aliyeshika waraka wa zamani baada ya hapo angetoa, kwa nia njema kabisa, dawa ambayo vimelea vimeizoea. Vivyo hivyo, Mwongozo wa Matibabu wa Taifa wa mwaka 2017 ulifuatiwa na toleo la mwaka 2021, na mafaili yote mawili yaweza kukaa katika simu moja bila mwenyewe kujua ni lipi linalofungua.

Lebo bora ina mambo matano: jina la waraka, aliyeutoa, mwaka na toleo, ukubwa kwa MB, na sababu ya kuutuma. Ikigundulika kuwa toleo limepitwa na wakati, aliyelituma alifute na kuliarifu kundi.

Programu za simu

Faili la programu huhitaji tahadhari zaidi. Programu iliyotoka mkono kwa mkono yaweza kuwa imechezewa njiani, na simu inayoipokea ndiyo hiyo hiyo inayohifadhi fedha na majina ya wagonjwa. Kanuni ni nyepesi: programu ichukuliwe katika duka rasmi la simu au kwa msimamizi wa mfumo wa kituo. Kikokotoo cha dozi kisichojulikana mtungaji wake kisitumike kwa mgonjwa.

Picha za wagonjwa

Picha ya eksirei ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na ufa mwembamba wa mfupa waweza kutoweka. Ikitumwa kama waraka hubaki na ubora wake, ingawa huwa nzito. Hapa uzito una haki yake, ila picha iende kwa daktari mmoja anayeombwa ushauri, si kwa kundi zima. Aidha, faili halisi la mashine ya eksirei au CT hubeba ndani yake jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa, hata kama havionekani juu ya picha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kumtambulisha mgonjwa mbele ya watu wasiomhudumia, basi, si utovu wa adabu tu.

Mgonjwa naye

Mgonjwa ana haki ya kuuliza picha yake inapelekwa kwa nani na kwa sababu gani; swali hilo si ukorofi. Yeye na jamaa zake nao wajiepushe kusambaza majibu ya vipimo katika makundi ya familia na mtaa, kwani kilichokwisha kupakuliwa na wengi hakirudishwi. Na waraka wa tiba ukifika bila jina la aliyeutoa wala mwaka, aupeleke kituoni ausomewe kabla ya kubadilisha dawa hata moja.