Familia Kinywani mwa Walter White

Tamthilia ya Marekani iitwayo Breaking Bad, iliyobuniwa na Vince Gilligan na kuonyeshwa na kituo cha AMC kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013 katika misimu mitano yenye sehemu 62, ni miongoni mwa kazi za televisheni zilizojadiliwa sana katika karne hii, na mjadala huo kwa kawaida humzunguka Walter White, mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, anayegeuka kuwa mtengenezaji wa dawa za kulevya. Wahakiki humweka katika kundi la nguli-kinyume, yaani wahusika wakuu ambao hadithi humtaka mtazamaji afuatane nao bega kwa bega ingawa matendo yao ni ya kuchukiza. Tony Soprano, kiongozi wa genge la wahalifu katika The Sopranos iliyoanza mwaka 1999, ni wa kundi hilohilo, lakini yeye anaingia katika hadithi akiwa mhalifu tayari, na mkewe anafahamu mapato ya nyumba yao yanatoka wapi. Familia ya White inaonekana kabla ya mageuzi, wakati wa mageuzi na baada yake, na kwa sababu hiyo tamthilia hii inatoa nafasi adimu ya kuchunguza jinsi badiliko la mtu mmoja linavyopenya katika nyumba nzima. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu Walter mwenyewe. Wanaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni wale anaodai kuwatumikia.

Hadithi inapoanza Walter anatimiza miaka 50, mkewe Skyler ni mjamzito, na mwana wao Walter Junior, kijana wa shule, anaishi na mtindio wa ubongo, hali inayotokana na athari katika ubongo unaokua na ambayo hudhoofisha uwezo wa kuratibu misuli, hata akatembea kwa magongo. Mshahara wa ualimu hautoshi, na baada ya vipindi Walter hufanya kazi katika kituo cha kuoshea magari, mahali ambapo mwanafunzi wake anaweza kumkuta amepiga magoti akisugua magurudumu. Anapoambiwa kuwa ana saratani ya mapafu isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, anaamua kutengeneza methamfetamini, kichangamshi hatari kinachotengenezwa kwa kemikali, akishirikiana na aliyekuwa mwanafunzi wake, Jesse Pinkman, na sababu anayojipa ni kwamba mjane na yatima wasiachwe mikono mitupu.

Sababu hiyo ingekuwa na nguvu kama isingepimwa mapema, na tamthilia inaipima katika msimu wa kwanza tu. Skyler anaikalisha familia sebuleni, anawagawia zamu ya kusema kwa kupokezana mto wa kochi, ili aliyeushika pekee ndiye azungumze, na kumsihi mumewe akubali matibabu. Wakati huo Elliott na Gretchen Schwartz, wenzake wa zamani katika kampuni ya Gray Matter, wako tayari kugharamia kila kitu. Kampuni hiyo Walter aliiasisi pamoja nao, akauza hisa zake kwa dola 5,000, kisha akaitazama ikikua hadi kuwa na thamani ya mabilioni. Anaikataa fedha yao. Hapo ndipo ilipo hukumu ya kweli juu ya mtu huyu, kwa maana familia ilikuwa imepata mlango wa kutokea usio na damu wala kosa la jinai, na baba akaufunga kwa sababu aliyeufungua alikuwa mtu anayemwonea kijicho. Haitoshi basi kusema kwamba mtu mwema aligeuka mwovu. Kiburi kilikuwamo ndani yake tangu mwanzo, nao waliokuwa wa kwanza kulipia gharama yake ni mke na watoto.

Hesabu yenyewe ya fedha inathibitisha jambo hilo. Mwanzoni mwa msimu wa pili Walter anajumlisha ada za chuo za watoto, deni la nyumba na matumizi ya kila siku, na kupata dola 737,000. Kiasi hicho kinafikiwa na kupitwa, na kazi haikomi. Katika msimu wa tano Skyler anampeleka kwenye ghala la kukodi, anafunua shuka, na kumwonyesha lundo la noti ambalo yeye, mhasibu kwa taaluma, ameacha kulihesabu kwa kuwa linakua upesi kuliko anavyoweza kulitakatisha, kisha anamuuliza lundo hilo linapaswa kufika wapi ndipo litoshe. Hatimaye fedha hizo, dola milioni 80 hivi, zinajazwa katika mapipa saba na kufukiwa jangwani. Katikati ya safari hiyo yuko Gus Fring, mfanyabiashara wa dawa anayemrudisha Walter kazini kwa kumwambia kuwa mwanamume huikimu familia yake hata pale isipomthamini wala kumpenda. Maneno hayo yanasikika kama wosia wa wazee, lakini yanambadilisha mlezi kuwa mtu asiyehitaji tena kuwauliza anaowalea wanataka nini.

Uharibifu ndani ya nyumba unaanza kabla ya fedha, nao unaanzia katika siri. Skyler anapougundua ukweli katika msimu wa tatu anamtaka mumewe aondoke, anaahidi kutowaambia watoto, na kwa ahadi hiyo anajifunga mwenyewe kamba. Walter anarudi nyumbani kwa nguvu, Skyler anawaita polisi, na askari anapomuuliza kama mume amempiga au ametenda kosa lolote, anashindwa kusema lile analolijua, kwa kuwa kulisema ni kumwambia mwana kwamba babaye ni mhalifu. Askari, asiyeona amri yoyote ya mahakama wala dalili ya fujo, anaeleza kuwa hana mamlaka ya kumtoa mtu katika nyumba yake. Walter Junior amesimama papo hapo akimtetea baba. Kwa macho ya kijana, mama ndiye anayeivunja nyumba bila sababu, na baba mwongo ndiye anayeonewa. Hiyo ni dhuluma ya aina yake, kwa sababu anayenyamaza ili kumlinda mtoto ndiye anayechukiwa na mtoto huyohuyo.

Jinsi ndoa inavyokauka inaonekana kwa karibu zaidi katika sahani tatu za kifungua kinywa. Katika sehemu ya kwanza kabisa Skyler anampangia mumewe, juu ya mayai ya kuvuruga, vipande vya nyama ya bandia itengenezwayo kwa mimea ili asile lehemu, na vipande hivyo vinasomeka 50. Mwaka mmoja baadaye ni Walter Junior anayelazimika kumkumbusha mama desturi hiyo. Skyler anavunja vipande vya nyama ya nguruwe bila furaha yoyote na kuvipanga visomeke 51. Sahani ya tatu Walter anajipangia mwenyewe, akiwa peke yake katika mgahawa, mwenye ndevu nyingi na jina la uongo, nayo inasomeka 52. Watayarishi waliiweka sahani hii ya mwisho mwanzoni mwa msimu wa tano, kabla ya ile ya 51, hivyo mtazamaji anaishuhudia sherehe ya familia akiwa anajua tayari kwamba haitafika mwaka mwingine.

Jioni ya siku hiyo ya 51 Skyler anatembea taratibu akiwa amevaa nguo zake zote hadi ndani ya bwawa la kuogelea la nyumbani, mbele ya mumewe na wageni, na kujizamisha, akiwa na lengo la kumfanya dada yake Marie na mumewe Hank wawachukue watoto kwa muda. Mabishano yanayofuata chumbani ni miongoni mwa maandishi makali kabisa ya tamthilia nzima. Kila hila anayoitaja Skyler ya kuwatenga watoto na hatari, Walter anaieleza jinsi atakavyoivunja, iwe ni kumtangaza mkewe kuwa na maradhi ya akili au kumtupia lawama kwa kuwa ndiye atunzaye hesabu, mpaka Skyler anapokiri kwamba kilichobaki mikononi mwake ni kungoja, na anachongoja ni saratani irudi. Wataalamu wa ukatili wa majumbani wana jina la hali hii, udhibiti wa kushurutisha, yaani mwenendo wa mwenzi kumtawala mwenzake kwa vitisho, fedha na kumtenga na watu, hata asipoinua mkono. Sheria ya England na Wales iliutambua kuwa kosa la jinai mwaka 2015. Ni kweli kwamba Skyler si malaika. Ndiye aliyebuni mpango wa kukinunua kituo kilekile cha kuoshea magari ili kutakatisha fedha, yaani kuzipitisha fedha za uhalifu katika vitabu vya biashara halali zionekane ni mauzo ya kawaida, na kazi hiyo aliifanya kwa ustadi. Hata hivyo, ni jambo moja kuingia katika maovu kwa kuyatamani, na jambo jingine kuyaingia kwa sababu njia zote nyingine zimezibwa na mtu anayelala kitanda kimoja na wewe.

Cha kusikitisha ni kwamba watazamaji wengi hawakuiona tofauti hiyo. Anna Gunn, mwigizaji wa Skyler, aliyetuzwa Emmy mwaka 2013 na 2014 kwa uigizaji huo, aliandika katika gazeti la New York Times mwezi Agosti 2013 kuhusu chuki kali iliyoelekezwa kwa mhusika wake na hatimaye kwake yeye binafsi. Sehemu ya maelezo imo katika nafasi ya usimulizi: kamera inakaa na Walter, inajua siri zake, inashangilia werevu wake, na kila anayemzuia anaonekana kuwa kikwazo cha burudani. Walter Junior alimlaumu mama kwa kuwa alifichwa ukweli, ilhali watazamaji walikuwa nao wote mkononi na bado wakamlaumu.

Kuhusu mwana huyo, liko tukio la msimu wa nne ambalo halitajwi inavyostahili. Walter, aliyepigwa na mwenye uso uliovimba, analia mbele yake na kuomba radhi, na kesho yake anaona aibu, akieleza kuwa picha pekee aliyobaki nayo ya baba yake mwenyewe ni ya mgonjwa aliyedhoofika hospitalini, naye hataki akumbukwe akiwa dhaifu. Kijana anamjibu kwamba kumkumbuka hivyo si vibaya hata kidogo, kwamba kilicho kibaya ni jinsi baba alivyokuwa mwaka mzima uliopita, na kwamba usiku ule walau alikuwa mtu wa kweli. Mtoto hakuwa na haja ya mamilioni. Alikuwa na haja ya baba asiyejificha, na baba hakulisikia jibu hilo.

Hank, ambaye ni mwanyumba wa Walter kwa kuwa wameoa ndugu wawili, ni ofisa wa DEA, idara ya serikali ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, na amemwinda kwa muda mrefu mtengenezaji asiyemjua bila kutambua kuwa hula naye meza moja. Anapopigwa risasi na kushindwa kutembea, gharama za tiba, dola 177,000, zinalipwa na akina White kwa kisingizio kwamba Walter alizishinda katika kamari. Marie anazipokea kwa shukrani bila kumweleza mumewe. Hank anapoujua ukweli, Walter anarekodi ungamo la uongo linalomtaja Hank kuwa ndiye bwana mkubwa wa biashara yote, na malipo yale ya hospitali yanageuka ushahidi dhidi ya mgonjwa. Hakuna tendo la Walter linaloonyesha wazi zaidi jinsi mageuzi yake yalivyoyaozesha hata mema aliyoyatenda.

Katika sehemu iitwayo Ozymandias, iliyorushwa Septemba 15, 2013, Hank anauawa jangwani na majambazi ambao Walter mwenyewe alikuwa amewaita, na yote yaliyofichwa yanafika nyumbani kwa saa chache. Skyler anashika kisu kumfukuza mumewe, wanaminyana sakafuni, na Walter Junior anajitupa kati yao, anamkinga mama kwa mwili wake, na kupiga simu polisi akimtaja baba kuwa mshambuliaji. Walter anasimama akiwatazama na kusema kwa mshangao kwamba wao ni familia. Kisha anamchukua binti mchanga, Holly, na kukimbia naye, mpaka mtoto anapoanza kumwita mama, ndipo anapomwacha katika kituo cha zimamoto. Miezi kadhaa baadaye, akiwa mafichoni New Hampshire, anampigia mwanawe simu kumweleza kuwa amemtumia dola 100,000. Kijana anazikataa na kumtaka afe. Ili kiasi kilichosalia, dola milioni 9.72, kimfikie mwana huyo, Walter anawatisha Elliott na Gretchen wazikabidhi kana kwamba ni sadaka yao wenyewe, hivyo baba aliyekataa msaada wao kwa kiburi analazimika kulifuta jina lake kwenye urithi na kuweka la kwao.

Anapokutana na Skyler kwa mara ya mwisho, katika nyumba ndogo ya kupanga anakoishi akifanya kazi ya kupokea simu za teksi, Skyler anamkatiza kwa kudhani ataitaja tena familia, naye, kwa mara ya kwanza, anakiri kuwa alifanya yote kwa ajili ya nafsi yake, kwamba aliyapenda na aliyaweza. Kisha anampa tiketi ya bahati nasibu yenye namba za ramani za mahali alipozikwa Hank pamoja na mwenzake kazini, Steve Gomez, ili azitumie kufanya makubaliano na waendesha mashtaka. Fedha Skyler hakuachiwa za kutumia. Alichoachiwa ni hizo namba, na kwa hizo Marie angeweza hatimaye kuupata mwili wa mumewe na kuuzika.