Ripoti Moja, Tarehe Mbili: Jinsi ya Kusoma Takwimu Zinazohuishwa



Mara kwa mara huletwa mbele yetu swali moja: inakuwaje mfadhili na kamati wafungue ripoti ile ile kwenye kompyuta, siku moja, halafu wabishane kuhusu umri wa takwimu zilizomo? Mmoja anasema ni za leo, mwingine anasema ni za mwaka juzi. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Katika toleo hili tunaeleza sababu yake, maana ubishi wa namna hii huvunja uaminifu kati ya watu wenye nia njema, na wakati mwingine huficha watu wenye shida.

Bomba na tangi

Ripoti nyingi za siku hizi huchota takwimu sehemu mbili. Anayeishi Newala ataelewa haraka. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, hivyo maji husukumwa kwa pampu kutoka vyanzo vya chini kama Mitema. Wengi pia huvuna maji ya mvua kwenye matangi ya nyumbani. Ukifungua bomba unapata kinachotiririka saa hiyo, na pampu ikisimama hupati kitu. Tangi liko karibu na halikusumbui, lakini maji yake ni ya mvua iliyopita.

Takwimu hai ni kama bomba. Kila unapofungua ukurasa, kompyuta huenda kuuliza kwenye chanzo chenyewe. Mtandao ukikatika, ukurasa unabaki mtupu au unaonyesha kosa. Takwimu zilizoletwa ni kama tangi. Zilinakiliwa siku fulani, kwa mfano kutoka jedwali la sensa au faili la mhasibu, zikahifadhiwa ndani ya ripoti. Hufunguka haraka, lakini hazibadiliki mpaka mtu au ratiba izilete upya. Kuzileta upya ndiko kunakoitwa kuhuisha.

Programu kama Power BI zimeruhusu aina hizi mbili kuchanganywa katika ripoti moja tangu mwaka 2018. Ni msaada mkubwa. Ila ukurasa hauonyeshi wenyewe kipi kimetoka bombani na kipi kimetoka tangini.

Mfano wa Masasi

Tuanze na takwimu zilizoletwa. Sensa ya mwaka 2002 iliandika wilaya ya Masasi kuwa na watu 442,573. Sensa ya 2012 iliandika 247,993. Mtu akiyaweka majedwali hayo mawili katika ripoti bila kuuliza, mchoro utaonyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Masasi wametoweka. Hakuna aliyetoweka. Kati ya sensa hizo mbili mipaka ilibadilika. Nanyumbu ikawa wilaya yake, na mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa na watu 150,857. Mji wa Masasi nao ukahesabiwa peke yake, watu 102,696. Ukijumlisha zote tatu unapata 501,546, yaani watu wameongezeka.

Kompyuta haikukosea hesabu. Ilipewa majedwali mawili yenye jina moja na maana mbili. Kuhuisha mara mia kusingeliondoa kosa hilo, mpaka mtu anayeijua wilaya akae na kulitazama.

Hatari iko kwenye asilimia

Takwimu hai na zilizoletwa zikikaa kila moja mahali pake, madhara ni madogo. Hatari huja tunapogawanya moja kwa nyingine, na asilimia nyingi za miradi yetu hupatikana hivyo.

Vituo vya afya, vikiwemo vya taasisi za dini kama Hospitali ya Ndanda, hupeleka taarifa za kila mwezi katika mfumo wa MTUHA. Mwaka 2013 mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ulikuwa umefika mikoa yote ya Tanzania Bara, na taarifa hizo huingizwa humo. Idadi ya watoto waliochanjwa hubadilika kila mwezi. Idadi ya watoto wanaotarajiwa huletwa kutoka makadirio yanayotokana na sensa.

Sasa tuchukue kata ya mfano. Makadirio ya zamani yanasema ina watoto 200. Waliochanjwa ni 220. Ripoti inaonyesha asilimia 110, kamati inapiga makofi, na mfadhili anaona kazi imekwisha. Lakini watoto wa kata hiyo kwa sasa ni 250. Asilimia ya kweli ni 88, na watoto 30 hawajachanjwa. Watoto hao hawakufichwa na mtu yeyote. Walifichwa na tangi ambalo halikujazwa upya.

Jambo hili si la kufikirika tu. Mkoa wa Mtwara ulihesabiwa kuwa na watu 1,270,854 mwaka 2012, na 1,634,947 katika sensa ya Agosti 2022. Ripoti inayoendelea kugawanya kwa idadi ya 2012 inawaacha nje watu zaidi ya 360,000. Hivyo basi, ukiona asilimia inayozidi 100, usishangilie kwanza. Uliza tarehe ya idadi iliyogawia.

Kwa nini kuhuisha hukwama

Zipo sababu chache zinazojirudia.

Faili la asili liko kwenye kompyuta ya ofisi, na saa ya ratiba ilipofika kompyuta ilikuwa imezimwa au umeme umekatika. Nenosiri limebadilishwa bila ripoti kuambiwa. Mtu amebadilisha jina la safu katika jedwali, na programu haiitambui tena. Katika Power BI, ratiba ikishindwa mara nne mfululizo husimamishwa. Ripoti isipofunguliwa na mtu yeyote kwa miezi miwili, ratiba yake nayo husimama. Leseni ya kawaida huruhusu kuhuisha mara 8 kwa siku, zaidi ya mahitaji ya parokia yoyote.

DHIS2 ina desturi yake. Muuguzi akiingiza taarifa asubuhi, huenda asizione kwenye majedwali ya uchambuzi siku hiyo, kwa kuwa kwa kawaida hutayarishwa upya usiku. Asidhani kazi yake imepotea, na kamati isimlaumu kabla ya kesho yake.

Tunachoshauri kamati

1. Kila ukurasa wa ripoti uandikwe tarehe mbili: ya takwimu hai na ya takwimu zilizoletwa. Tarehe moja haitoshi.

2. Kinachobadilika kila siku, kama bomba lililoharibika, kiwe hai. Kinachobadilika kwa nadra, kama idadi ya watu au bajeti iliyopitishwa, kiletwe.

3. Ateuliwe mtu mmoja wa kuangalia kila wiki kama kuhuisha kumefanikiwa, na awepo wa kumsaidia akisafiri.

4. Kila robo mwaka chagueni namba tatu mzilinganishe na daftari. Rejista ya muuguzi na kitabu cha mhazini ndivyo chanzo. Ripoti ni kioo chake.

5. Ripoti iliyochapishwa kwenye karatasi haihuishwi tena. Ni kama picha. Iandikwe siku na saa ilipotolewa kabla ya kugawiwa mkutanoni.

Kwa wafadhili wetu

Tunawaomba mtuulize tarehe kabla ya kutuuliza asilimia. Tukiwaletea asilimia iliyoshuka baada ya kutumia sensa mpya, msidhani mradi umerudi nyuma. Huenda ndiyo mara ya kwanza tumewahesabu watu wote. Tunaomba pia bajeti za miradi ziwe na fungu dogo la umeme, mtandao na muda wa mtu anayetunza takwimu, kwani tangi halijijazi lenyewe.

Na kamati ikikutana mwezi ujao, ianze kwa swali jepesi: namba hii ni ya lini? Katika kata yetu ya mfano, swali hilo ndilo lingewafikisha kwa watoto 30.