Je, Wajua? Picha ya Kerege Kwenda Mapinga Hupitia Baharini

Fundi seremala wa Kerege akimtumia mteja wake wa Mapinga picha ya mlango kwa WhatsApp, picha hiyo haifuati barabara ya Bagamoyo. Inaruka hewani kilomita chache hadi kwenye mnara wa kampuni ya simu, inashuka, inakwenda Dar es Salaam kwenye mitambo mikuu ya kampuni hiyo, halafu inatoka nchini kwa mkongo uliolazwa chini ya Bahari ya Hindi kuzitafuta seva za WhatsApp. Vituo vikuu vya data vya Meta, wenye WhatsApp, viko Marekani, Ulaya na Singapore. Afrika hakuna hata kimoja. Kutoka huko inarudi tena baharini mpaka simu ya mteja iite. Watu wawili ambao bodaboda ingewakutanisha kwa dakika chache wamewasiliana kwa kuvuka bahari mara mbili, na wote wawili wataendelea kuamini kuwa intaneti iko hewani. Imani hiyo ndiyo inayotufanya tukosee tunapolalamika. Mtandao ukisumbua tunalaumu mnara na bando, ilhali udhaifu mkubwa wa intaneti ya pwani yetu uko kwenye umbali uliopo kati ya mahali tunapoishi na mahali zinapokaa data zetu.

Tuanze na picha yenyewe, kwa sababu haisafiri ikiwa nzima. WhatsApp huibana kwanza, tuseme hadi kilobaiti 300, kisha simu huikata vipande visivyozidi baiti 1,500 kila kimoja, yaani kama vipande mia mbili hivi. Kila kipande, kinachoitwa pakiti, hubandikwa kichwa chenye anwani ya kinakotoka, anwani ya kinakokwenda na namba ya mfuatano. Bagamoyo iliwahi kuona kazi ya namna hii. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka pale na mashua yake, Lady Alice, ikiwa imegawanywa vipande ili wapagazi waweze kuibeba, na mwaka uliofuata ikaunganishwa upya kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria. Lakini vipande vya mashua vilikwenda kwa njia moja, na kimoja kingepotea porini safari ya ziwani ingekwama. Pakiti hazina sharti hilo. Zinaweza kupita njia tofauti, zikafika zimepishana, na simu inayopokea ikazipanga kwa namba zake. Ikikosekana moja, upande unaotuma haupati risiti yake, basi unaituma tena. Kichwani mwa pakiti kuna pia namba moja ndogo ambayo kwangu ndiyo ufundi mtupu: huanza mara nyingi na 64, na kila mtambo wa njiani, yaani ruta, hupunguza moja. Ikifika sifuri, pakiti inatupwa. Bila namba hiyo, pakiti zilizopotea zingezunguka milele na kuujaza mtandao mzima.

Ufundi huu haukuzuka kwa bahati. Miaka ya 1960 Paul Baran huko Marekani alikuwa akitafuta mtandao ambao ungeendelea kufanya kazi hata baada ya shambulio la nyuklia; Donald Davies wa Uingereza, bila kujua kazi ya mwenzake, alifikia wazo lile lile la kukata ujumbe vipande. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha kanuni za kuunganisha mitandao ya aina tofauti, na tangu tarehe 1 Januari 1983 kanuni zilizotokana na kazi hiyo ndizo zinazotumika. Katika mfumo huo hakuna ruta inayoijua njia yote. Kila moja hujua tu kituo kinachofuata, na mitandao hupashana habari kila wakati: anwani hizi zinafikika kwangu, zile hazifikiki tena. Njia moja ikifa, habari husambaa na pakiti hugeuzwa. Ndiyo maana husemwa kuwa intaneti haiwezi kuuawa kwa pigo moja. Ni kweli, ila kwa sharti ambalo wengi hulisahau: lazima iwepo njia nyingine ya kupitia, tena pana ya kutosha.

Kwa pwani yetu, njia hizo zimekuwa chache siku zote. Mkongo wa simu za maandishi ulifika Zanzibar mwaka 1879 ukitokea Aden, na mwaka 1890 tawi lake likavushwa hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, wakati Bagamoyo ikiwa makao ya utawala wa Wajerumani. Intaneti ilipokuja, kwa miaka mingi haikupita baharini kabisa; ilipanda kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako swali na jibu huchukua kama nusu sekunde, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Mambo yaligeuka Julai 2009 mkongo wa Seacom ulipoanza kazi, ukafuatiwa mwaka 2010 na EASSy, wa takriban kilomita 10,000, unaotoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Nchi kavu, Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa mwaka huo huo wa 2009 ili mikoa ya bara nayo ifikiwe. Ukiutazama mkongo wa baharini kwa karibu utashangaa udogo wake. Kwenye kina kirefu una unene wa sentimita mbili hivi, na ndani yake nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga kwa kasi ya kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa cha kuupa mwanga nguvu upya. Duniani kote mikongo hii hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kwa mwaka, na nyingi husababishwa na nyavu za wavuvi na nanga za meli.

Mwaka 2024 tulipata somo. Tarehe 24 Februari mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Inadhaniwa ilikatwa na nanga ya Rubymar, meli iliyoshambuliwa na Wahuthi wa Yemen ikawa inaelea bila nahodha hadi ilipozama. Watumiaji wengi hawakuliona pengo hilo, kwa sababu pakiti ziligeuzwa kama Baran alivyotaka. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei, EASSy na Seacom zikakatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilazimika kutoa taarifa kwa umma, na Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga milango kwa umma siku mbili kwa sababu ya hali ya mtandao. Meli ya matengenezo, Léon Thévenin, ambayo kituo chake ni Cape Town, ilibidi isafiri, iivue mikongo kutoka kilindini, iiunge na kuirudisha. Kazi ilikwenda hadi mwisho wa mwezi. Tatizo halikuwa minara. Halikuwa umeme wala bando. Kilichokosekana ni njia ya kuvuka maji.

Hapo ndipo swali langu linapozaliwa: kati ya mambo yaliyokwama wiki ile, ni mangapi yalikuwa na haja ya kuvuka maji? Anayesoma jarida la Uingereza hana njia nyingine. Lakini mzazi wa Zinga anayefungua tovuti ya shule iliyo jirani yake, au mgonjwa anayetafuta ratiba ya kliniki, huyo anaomba kitu kilichozaliwa hapa hapa. Kitu hicho kikiwa kimehifadhiwa Ulaya kwa sababu tu aliyeitengeneza tovuti alinunua nafasi ya bei rahisi huko, basi hitilafu ya karibu na Durban inamfungia mtu wa Zinga mlango wa shule ya Zinga. Dar es Salaam kuna mahali panapoondoa ujinga huu. Tangu mwaka 2004 ipo TIX, sehemu ambapo kampuni za intaneti huunganisha mitandao yao kwa swichi moja na kupeana pakiti moja kwa moja, bila kumlipa mtu wa nje. Arusha walifuata mwaka 2006. Jambo hili linaonekana dogo, lakini Kenya liliwatoa jasho: KIXP, sehemu ya aina hiyo ya Nairobi, ilifunguliwa Novemba 2000, na haikupita muda ikafungwa na mamlaka ya mawasiliano kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyoshikilia kuwa ni yenyewe pekee yenye haki ya kupitisha mawasiliano hayo. Ilifunguliwa tena Februari 2002. Mashirika hayapigani hivyo kwa kitu kisicho na faida.

Atasema mtu kuwa hesabu hii ni ya wataalamu, kwamba mwanga ni mwepesi mno kiasi cha umbali kutokuwa na maana. Tupige hesabu. Tuseme njia ya kwenda Ulaya ni kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni 20,000, yaani sehemu ya kumi ya sekunde hata kama hakuna foleni popote. Hiyo ni safari moja. Lakini ukurasa mmoja hudai safari nyingi: kuuliza jina la tovuti lina anwani gani, kufungua mazungumzo na seva, kukubaliana siri ya kuficha ujumbe, kisha kuomba picha na maandishi. Sehemu za kumi zinajumlishwa, na mtu mwenye simu ya bei nafuu anaona duara likizunguka. Mwingine atasema setilaiti za sasa zimemaliza kesi, kwani zile za Starlink huruka kilomita 550 tu juu na huduma yake ilianza Kenya mwaka 2023. Ni msaada mkubwa, hasa kwa sehemu zisizo na mnara. Hata hivyo pakiti iliyopanda kwenye setilaiti bado inaitafuta seva ile ile. Kama seva iko ng'ambo, itabidi mwishowe ishuke na kupita kwenye mikongo ya mtu fulani.

Pingamizi kwamba dawa ni kuongeza mikongo nalikubali zaidi. Mkongo wa 2Africa, wa takriban kilomita 45,000 kuzunguka bara zima, umefika Dar es Salaam, na kila mkongo mpya hupunguza uwezekano wa giza la Mei 2024. Tatizo ni kwamba mikongo ya pwani hii karibu yote hubanwa kwenye njia zile zile: Bahari ya Shamu kaskazini na mwambao wa Msumbiji kusini. Kuna pia hofu nyingine, nzito kuliko zote, kuwa data ikikaa nyumbani serikali itaifikia kirahisi. Hofu hiyo ina mashiko na inahitaji sheria na mahakama zenye meno. Ila wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa nchini, na seva zake zilikuwa ng'ambo. Umbali haukumlinda mtu.

Wala sidai kwamba TIX itaileta picha ya seremala moja kwa moja Mapinga; hilo ni uamuzi wa Meta. Google imeonyesha kuwa linawezekana kwa kiasi, kwani video za YouTube zinazotazamwa sana huwekewa nakala ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti zenyewe, ndiyo maana wimbo unaovuma hufunguka haraka kuliko tovuti ya halmashauri. Menyu ya pesa za simu ya *150*00# nayo haipiti kwenye intaneti. Inazungumza na mitambo ya kampuni ya simu hapa hapa nchini. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya wenye tovuti, na vifaa vipo, kuanzia Kituo cha Data cha Taifa cha Kijitonyama hadi kampuni binafsi za kuhifadhi tovuti. Kama shule, zahanati au ushirika wenu una tovuti, kaa kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha jina la tovuti hiyo. Utaorodheshewa ruta moja baada ya nyingine, kila moja na muda wake kwa sehemu za elfu moja za sekunde. Muda ukiruka ghafla kutoka makumi hadi mamia, hapo yaelekea pakiti zenu zimeingia baharini. Mpigie aliyewatengenezea tovuti, umuulize kwa nini.