Kijana, Upara na Kalamu ya Risasi

Mwaka 1951 mtaalamu wa Kimarekani James Hamilton aliupanga upara wa wanaume katika madaraja kwa kuchora vichwa vinavyofuatana, na mwaka 1975 tabibu O'Tar Norwood akaitengeneza upya kazi hiyo, hata ikawa michoro ya madaraja 7 ambayo matabibu wa ngozi wangali wakiitumia kupimia jinsi panja zinavyorudi nyuma na utosi unavyofunuka. Kwa tabibu hicho ni kipimo chenye manufaa makubwa. Lakini juu ya mwenye kichwa, matumaini yake na mambo anayoyakwepa kwa ajili ya nywele zake, michoro hiyo haisemi neno. Neno hilo limo katika mchoro mwingine, ule auchorao kijana mwenyewe, nami naona wakati umewadia tuupe mahali pake katika tiba.

Upara wa kurithi, ambao hutokea pale homoni ya kiume inapoyadhoofisha mashina ya nywele ya mtu aliyezaliwa na wepesi huo, waweza kuanza punde baada ya balehe. Mzee mwenye kipara haulizwi kitu, na pengine huongezewa heshima. Lakini kijana wa miaka 20, ambaye bado anatafuta kazi, mchumba na nafasi yake mbele ya watu, hujiona amezeeshwa kabla ya ujana wake kutimia. Hapo huanza kuvaa kofia hata ndani ya nyumba, kuzikimbia picha za harusini, na kuzihesabu nywele zilizobaki juu ya mto kila asubuhi, ilhali mtu mwenye siha kamili hupukutikwa na nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ya kupungukiwa. Aibu humzuia kusema, na hofu isiyosemwa haipimiki.

Basi na apewe karatasi na kalamu ya risasi, ajichore mara mbili: kwanza kama anavyojiona moyoni, kisha kama anavyoonekana katika kioo. Asiogope kuwa si fundi, kwa maana hapa hatutafuti uzuri wa mchoro. Katika mchoro wa kwanza huenda paji la uso likaenea nusu ya ukurasa, na watu waliomzunguka wakawa hawana kiungo ila macho. Katika wa pili paji hilo hurejea kwenye kadiri yake, na sehemu iliyopungua nywele ikajulikana mipaka yake. Tofauti iliyo baina ya michoro hiyo ndiyo kadiri ya hofu, ambayo sasa yaweza kutazamwa na watu wawili kwa pamoja bila ya yeyote kulazimika kuanza kwa maneno. Tabibu wa Uingereza Ian Williams, ambaye ni mchoraji vilevile, ndiye aliyeupa jina, mwaka 2007, muungano huu wa uchoraji na utabibu.

Mchoro wa kioo nao humfaa tabibu, maadamu kila sababu ya kunyonyoka nywele ina ramani yake. Panja na utosi wa mwanamume huelekeza kwenye urithi. Duara laini lisilo na magamba, kwenye kinga ya mwili iliyoyageukia mashina ya nywele. Mabaka yenye magamba kichwani mwa mtoto, kwenye mapunye. Na kupukutika kwa kichwa kizima miezi 2 au 3 baada ya homa kali au uzazi ni hali ambayo aghalabu hupona yenyewe. Wasichana wa kwetu wautazame sana ukingo wa paji na panja, ambako misuko ya kubana na rasta nzito huvuta nywele hata mashina yakachoka: msuko ukilegezwa mapema nywele hurejea, lakini ukiendelea kwa miaka mingi mashina hufa yakaacha kovu, wala hapana dawa ya kupaka iwezayo kuyafufua.

Mzazi au rafiki aonyeshwaye mchoro wa namna hii asicheke, wala asikimbilie kununua mafuta yanayosifiwa mitaani. Na amuulize kijana kwa upole macho yale aliyoyachora ni ya nani, amsikilize mpaka mwisho, kisha afuatane naye kwa tabibu wa ngozi na michoro yote miwili mkononi. Kwani ule wa kioo humwongoza tabibu katika kuchagua dawa, na ule wa moyoni humwonyesha pa kuanzia kumfariji, na kijana ana haki ya kuyapata yote mawili.